Mto nao una haki yake: Uislamu na mipango ya miji yetu

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyekiweka kila kitu kwa kipimo chake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake, sahaba zake na wote wanaofuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, wiki hii nimeona tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kulisikia katika minbari zetu za Ijumaa, ilhali linatugusa kila masika yanapoingia. Nalo ni namna tunavyoigawa ardhi ya mji: kipi kijengwe, kipi kiachwe, na ni nani mwenye haki katika kile kilichoachwa.

Najua wapo watakaosema kuwa mambo ya miti, ndege na mito ni ya wafadhili, ni mambo ya semina na fulana zenye maandishi. Wengine watasema Waislamu tuna matatizo makubwa zaidi ya kuzungumzia vyura na mikoko. Nawaomba wanivumilie wafike mwisho wa makala hii, kwani nitakayoyaeleza yamo katika Qur'an, katika Hadith sahihi na katika vitabu vya fiqhi tunavyovisomesha kila siku.

Viumbe nao ni umma

Katika Suratul An'aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu (SW) anatufahamisha kuwa kila mnyama atembeaye juu ya ardhi na kila ndege arukaye kwa mbawa zake ni umma kama sisi tulivyo umma. Tuzingatie neno hilo. Umma una makazi, una riziki, una haki. Na katika Suratur Rahman, aya ya 7 hadi ya 9, tunaelezwa kuwa Allah ameinua mbingu na ameweka mizani, kisha tukakatazwa kuidhulumu mizani hiyo. Wafasiri wameieleza mizani hii kuwa ni uadilifu. Basi na mji nao una mizani yake, na ukiivuruga, mji utakulipa kwa kadiri ulivyouvuruga.

Anas bin Malik (RA) amepokea kutoka kwa Mtume (SAW), katika Hadith iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Tutazame vizuri. Ndege ametajwa pamoja na mtu. Mtume (SAW) hakusema ndege ni mwizi wa matunda afukuzwe kwa manati. Amesema kula kwake ni thawabu kwa mwenye mti.

Mimi ni mwalimu, na napenda mifano ya karibu. Tazameni kunguru wa Dar es Salaam. Ndege huyu asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa nia njema kabisa, ili asaidie kula takataka za mji. Akazaliana, akavuka bahari, akaenea pwani yetu yote. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na ndege wadogo wa asili wakapungua. Leo hii mtoto wa Kariakoo anamjua kunguru, lakini hajui sauti ya chiriku. Sisi tunamlisha kunguru huyo kwa majalala yetu, na tunawanyima wale wengine kichaka cha kujengea kiota. Hivyo ndivyo mizani inavyovurugika: kiumbe mmoja anajaa, wengine wanatoweka. Wataalamu huita wingi huo wa aina za viumbe bayoanuai. Qur'an imeshatuambia kuwa ni umma mbalimbali.

Majina ya mitaa yetu yenyewe yanatushuhudilia. Mikocheni, Mkwajuni, Mbuyuni, Mwembechai, Mwembeyanga, Mnazi Mmoja. Wazee wetu waliita mahali kwa mti uliokuwapo. Majina tumebaki nayo. Miti mingi imekwenda.

Alivyopanga Mtume (SAW)

Tunapoisoma Sira huwa tunasimulia vita na mikataba, tukasahau kuwa Mtume (SAW) aliongoza mji. Alipoambiwa habari ya watu kuhitilafiana kuhusu njia, aliweka kipimo kuwa njia iwe na upana wa dhiraa saba, kama alivyopokea Abu Hurayra (RA). Huo ni mpango miji. Aliufanya mji wa Madina kuwa eneo takatifu baina ya ardhi zake mbili za mawe meusi, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Alilihifadhi bonde la An-Naqii likawa hima, yaani malisho yaliyotengwa kwa maslahi ya umma. Na aliwaonya wanaojisaidia katika sehemu za maji, njiani na kivulini, kwa sababu maji, njia na kivuli ni mali ya watu wote.

Wanachuoni wa fiqhi wakaja wakayapanga mafundisho haya katika milango. Mmoja katika milango hiyo unaitwa harim. Harim ni ardhi iliyo pembezoni mwa kisima, mto, chemchemi au mti, ambayo haimilikiwi na mtu ili kile kilicho katikati kiweze kufanya kazi yake. Kisima kina harim yake, na mto una harim yake. Wamehitilafiana katika vipimo, lakini hawakuhitilafiana katika asili ya jambo lenyewe.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kunibana darasani. Akasema, "Ustadh, si Mtume (SAW) amesema anayehuisha ardhi iliyokufa basi ni yake? Sasa mtu akijenga bondeni mahali pasipo na mwenyewe, kosa lake liko wapi?"

Swali zuri, na watu wazima wengi wanalo kichwani ila hawalisemi. Jibu lake ni kwamba Hadith hiyo ni sahihi, lakini wanachuoni wa madhehebu zote nne wameiwekea mpaka: harim na ardhi ambayo watu wa mji wanaitegemea kwa maslahi yao haiingii katika ardhi iliyokufa. Haihuishwi kwa sababu iko hai tayari. Bonde linalopokea maji ya mvua lipo kazini. Mikoko inayozuia bahari isile ufukwe ipo kazini. Kiwanja ambacho watoto wanacheza na jirani wanazikia msiba kipo kazini. Tunaposema mahali fulani hapana mwenyewe, mara nyingi maana yake ni kuwa wenyewe ni wengi, na wengi wao hawana sauti.

Na ajabu iliyoje, sheria ya nchi yetu imekuja ikasema jambo linalofanana na hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa, ziwa au ufukwe wa bahari. Mita 60 ni harim kwa lugha ya Bunge. Kwa hiyo Muislamu anayeivunja amekhalifu sheria ya nchi na ameacha adabu ya fiqhi yake kwa pamoja.

Msimbazi unatudai

Tuje nyumbani. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu, Kisarawe, kwenye msitu ambao ni miongoni mwa misitu mikongwe ya pwani. Unashuka ukiupita mji, unapokea vijito vingine, unapita Jangwani, kisha unamwaga maji baharini kwenye mikoko karibu na Daraja la Salenda. Kwa karne nyingi kazi yake ilikuwa hiyo. Mvua ikinyesha, msitu unainywa taratibu, bonde linatandaza maji, matete yanayapunguza kasi, mikoko inashika tope, na samaki na kamba wanakulia humo.

Sasa tumeifanyaje njia hiyo? Msitu umekatwa mkaa. Mchanga umechotwa. Taka zimetupwa. Kifusi kimemwagwa ili bonde ligeuke kiwanja. Juu ya mabonde tumetandaza saruji na mabati, ambavyo havinywi hata tone moja. Maji yaliyokuwa yakichukua siku kufika Jangwani sasa yanafika kwa saa. Halafu tunasema ni mafuriko, kana kwamba maji yamekuja kutuvamia. Maji yamerudi kwao.

Wala hatukukosa kuambiwa. Mpango kabambe wa jiji wa mwaka 1979 uliyahesabu mabonde haya kuwa ni maeneo ya hatari yasiyofaa kwa makazi. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha jijini. Waliookolewa wengi walipelekwa Mabwepande. Baada ya msiba huo bado karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa papo hapo Jangwani, maji yakaiingia zaidi ya mara moja, na mabasi ya umma yakaharibika. Na watu wanazidi kuongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na kila mmoja wao anataka paa. Hapo ndipo pana mtihani.

Uadilifu wa Umar (RA)

Ndugu zangu, sitaki mtu aitumie makala hii kama greda la kuvunjia nyumba za wanyonge. Desemba 2015 nyumba zilibomolewa katika bonde hili hili, na tuliona akina mama wamekaa juu ya magodoro na watoto wao. Wengi wa waliojenga huko walinunua kwa fedha halali, wakaandikishiana mbele ya mjumbe, wakalipia umeme, na hakuna aliyewazuia siku ya kwanza walipochimba msingi. Aliyeuza anajulikana. Aliyegonga muhuri anajulikana. Lakini anayelala nje ni mnunuzi peke yake.

Imam Bukhari amepokea kisa cha Umar bin Khattab (RA) alipomteua mtumishi wake Hunayy kusimamia hima. Alimuusia aogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwagiza awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe macho na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan (RA), kwa sababu hao matajiri mifugo yao ikifa wanayo mashamba na mitende ya kurejea, lakini fukara akipoteza vile vichache vyake atakuja na watoto wake kuomba msaada. Abdurrahman na Uthman ni miongoni mwa walioahidiwa Pepo! Hata hivyo Umar hakuwaachia eneo la umma.

Sasa tupime kwa mizani hiyo. Fukara anapojenga vyumba viwili kando ya mto, anawekewa alama ya X. Mwenye nacho anapokata mikoko, akajaza kifusi na kuinua ukuta ufukweni, au anapobadilisha matumizi ya kiwanja cha wazi mtaani akajenga fremu za maduka, mara nyingi anakuwa na karatasi mkononi. Hima ya Umar ilikuwa kinga ya mnyonge. Hifadhi yetu isiwe kinyume chake. Anayehamishwa kwa maslahi ya umma alipwe haki yake, apewe mahali ambapo ataweza kufika kwenye riziki yake. Baadhi ya waliopelekwa Mabwepande walirudi bondeni, na tusiwaite wakaidi kabla ya kuuliza nauli ya kutoka huko hadi Kariakoo ni kiasi gani kwa mchuuzi wa ndizi.

Na kwa wale wanaopora viwanja vya wazi, Said bin Zayd (RA) amepokea onyo la Mtume (SAW) kuwa atakayechukua kwa dhulma shibiri moja ya ardhi, Siku ya Kiyama atavishwa shingoni ardhi saba. Shibiri moja! Hao waliochukua ekari wajihesabu wenyewe.

Katika hili tunalo na la kwetu hasa. Sunna ya Mtume (SAW) ni kuswali Idi uwanjani, kwenye musalla, wanaume, wanawake na watoto. Mtaa usio na uwanja umeipoteza Sunna hii. Mnazi Mmoja iliachwa wazi na wakoloni kwa nia mbaya ya kumtenga Mwafrika wa Kariakoo na wakazi wa Uhindini, lakini Allah akaigeuza ikawa mahali pa kukutana watu wote, na swala za Idi zimeswaliwa hapo. Je, huko Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, katika mitaa iliyojengwa juzi, wajukuu zetu wataswalia Idi wapi? Kwenye lami?

Inawezekana

Atakayesema haiwezekani namwambia atazame wenzetu. Jirani zetu wa Nairobi walikaribia kuupoteza msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000 ndani ya jiji, ukagawiwa wajenzi. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miche humo, wakapigwa, lakini msitu ukabaki, na leo familia zinatembea humo. Kabla ya hapo, mwaka 1989, mama huyo huyo alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na halikujengwa.

Singapore ni kisiwa kidogo, ardhi yake ni ghali kuliko yetu. Walikuwa wameufunga mto Kallang ndani ya mfereji wa zege. Kisha wakabomoa kilomita 2.7 za mfereji huo, wakaurudishia mto mapindo yake na kingo za majani katika bustani ya Bishan, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Mvua ikiwa kubwa bustani inapokea maji, ikikatika watu wanarudi kutembea. Fisi maji wameonekana tena. Wao walivunja zege, nasi bado tunadhani zege ndiyo maendeleo.

Hata hapa kwetu upo mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, wenye azma ya kulirudisha bonde kuwa njia ya maji na bustani ya jiji. Ni jambo la kuunga mkono, na pia ni jambo la kulifuatilia kwa macho mawili: waliohamishwa wametendewaje, na hiyo bustani itakuwa ya nani. Isije ikawa tumewatoa mafukara ili tuwajengee matajiri mahoteli yenye mandhari ya mto.

Tuanzie misikitini

Tunaweza kuwalaumu viongozi hadi Alfajiri, lakini sisi wenyewe tuna ardhi. Tuna misikiti, madrasa, shule, makaburi na wakfu. Hebu tuitazame. Msikiti ukipata mfadhili, jambo la kwanza mwembe unakatwa na ua wote unatandazwa vitofali vya saruji, kwa hoja kwamba majani yanachafua. Kisha tunanunua mafeni kwa sababu ya joto! Kamati za misikiti ziache udongo, japo nusu ya ua, unywe maji ya mvua. Zipande mkungu, mwarobaini, mzambarau au mwembe. Vivuli hivyo vitawahifadhi wanafunzi wa madrasa, na ndege watakaokula humo watatuandikia sadaka usiku na mchana.

Pili, maji ya udhu. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, maji yaliyokwisha tumika katika udhu hayatawadhishi tena, lakini ni tohara. Kwa nini basi yaende kwenye mtaro wa maji machafu? Yapelekwe kwenye miti. Na mabomba tuyafunge, kwani Mtume (SAW) alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki hata lita. Tuchukulie msikiti wenye waumini 200, kila mmoja akatumia lita 3: ni lita 600 kwa swala moja. Hiyo ni bustani nzima inayomwagwa mtaroni mara tano kwa siku.

Tatu, anayetaka kununua kiwanja asiridhike na maneno ya dalali. Aende ofisi ya ardhi ya halmashauri, aulize ramani ya mipango miji inasemaje: ni makazi, ni bonde au ni eneo la wazi? Kununua kilicho cha umma ni kushiriki katika dhulma, hata kama bei ni nafuu na muuzaji ni ndugu.

Nne, tuhudhurie mikutano ya mtaa. Hapo ndipo viwanja vya wazi vinapotajwa na ndipo vinapopotea. Tuulize mtaa wetu una maeneo mangapi ya wazi kwenye ramani, yako wapi, na nani ameyakalia. Waislamu tumezoea kufika kwenye mikutano baada ya uamuzi kupita, tukabaki kunung'unika vibarazani.

Tano, maimamu na walimu wenzangu, tuusomeshe mlango wa harim na hima kwa mifano ya mitaa yetu. Mwanafunzi anayeweza kukutajia masharti ya udhu bila kukosea, aweze pia kukuambia mto wa jirani na nyumbani kwao una haki gani.

Anas (RA) amepokea pia kuwa Mtume (SAW) alituagiza kwamba Kiyama kikimkuta mmoja wetu ana mche mkononi, na akaweza kuupanda kabla ya kusimama, basi aupande. Hakuna atakayekula tunda la mche huo, wala kukaa kivulini mwake, ila kuupanda kumebaki kuwa ibada. Sisi Kiyama hakijatufika, masika ndiyo yanayotufikia kila mwaka. Katika Suratur Rum, aya ya 41, tumefahamishwa kuwa ufisadi umedhihiri nchi kavu na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu, ili waonjeshwe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Mlango wa kurejea bado uko wazi.

Tunamuomba Allah (SW) awarehemu ndugu zetu waliochukuliwa na maji, awape subira waliopoteza makazi, awaongoze wenye mamlaka ya ardhi waogope dua ya aliyedhulumiwa, na atujaalie tuwe walinzi wa mizani aliyoiweka. Aamin.

Wabillahi tawfiq.